Pingamizi Dhidi ya Mardhiya

Ukimpigia simu Mardhiya kwa mara ya kwanza, utamwamkia, "Shikamoo baba." Yeye atakuitikia, "Marahaba," na mtazungumza hadi mwisho bila yeye kukusahihisha. Siku moja nilimuuliza kwa nini hawaambii watu. Akanijibu kwamba shikamoo ni shikamoo, iwe ya baba au ya mama, haina sababu ya kurudishwa. Kuna mnunuzi wa mwani kutoka Dar aliyezungumza naye karibu mwaka mzima akimwita "mzee wangu", hadi siku alipokuja Mlingotini kwa gari akampita mara mbili akimtafuta huyo mzee wake. Alipoonyeshwa kwamba ndiye huyu, aliomba maji ya kunywa.

Mimi ni Najma, jirani wa Mardhiya na nahodha wa timu yetu ya kuvuta kamba. Nayaandika haya kwa sababu maneno yamekuwa mengi kuhusu kilichotokea kwenye bonanza la kina mama pale Bagamoyo, na wengi wanaosema ni wanaume, na wanaume wote walikuwa nje ya mlango. Mimi nilikuwa ndani.

Kwanza mumjue mwenyewe. Mardhiya ni mkulima wa mwani. Maji yakitoka anaingia baharini na vigingi vyake na kamba zake, anafunga mbegu, anavuna, anarudi na gunia la mwani mbichi begani, na mwani mbichi una uzito wa kumfanya mtu mzima akumbuke dhambi zake. Mabega alirithi kwa bibi yake mzaa mama. Sauti hatujui aliitoa kwa nani. Tulipokuwa madrasa, maalimu alikuwa akisikia msomaji mmoja mzito nyuma kabisa, anafurahi kwamba wavulana wameanza kusoma kwa bidii, kumbe ni yeye. Kidevuni ana vinyweleo vichache ambavyo huving'oa kila Ijumaa mbele ya kioo cha mumewe, na viatu vyake ni makobazi ya kiume, kwa sababu ya kike ya saizi yake hakuna anayeyatengeneza.

Mumewe ni Haji, fundi cherehani, mtu mwembamba na mpole ambaye akisimama pembeni ya mkewe watu huuliza Haji yuko wapi. Walipooana, gari lililoleta vitu vya Haji kutoka mjini lilikwama njiani kwenye matope. Bibi harusi alishuka, akajitwisha kichwani cherehani pamoja na meza yake ya chuma, akatembea hadi Mlingotini, na bwana harusi akamfuata nyuma kwa heshima amebeba kopo la vifungo. Wazee walioshuhudia walisema ndoa hiyo itadumu. Imedumu. Wana watoto wanne na bado Haji anamshonea mkewe nguo mwenyewe, maana mafundi wengine wakimpima hurudia futi wakidhani wamekosea.

Sasa bonanza. Hufanyika kila mwaka Bagamoyo mjini kwenye kiwanja cha shule, na zawadi ya washindi wa kamba ni sufuria. Naomba usilidharau sufuria hilo. Hutolewa na Taherali, mwenye duka la vyombo na vifaa vya ujenzi, ambaye ni mwenyekiti wa kamati kwa sababu kamba ni yake. Linapika pilau ya shughuli nzima kwa mkupuo mmoja. Kijiji chenye sufuria hilo hakiendi kuazima kwa mtu. Wengine ndio wanaokuja kuazima, na wanakuja kwa adabu, wanauliza kwanza habari za watoto.

Miaka yote Mardhiya alikataa kushiriki. Alisema kamba anazivuta baharini, za nchi kavu hazimhusu. Mwaka huu nilimbembeleza, nikamwambia sufuria likija kwetu, harusi ya binti yake itapikwa humo. Akakubali. Kwenye nusu fainali tulipangiwa Vigwaza. Nikamweka nyuma kabisa, mahali tunapopaita nanga, kamba ikamzunguka kiunoni. Refa alipopuliza filimbi, wanawake wa Vigwaza walikuja. Sina neno jingine. Walikuja wote kwa pamoja, wengine wakiwa bado wanafunga mitandio. Mara ya pili walikuja wakicheka, kwa kuwa walikwisha kuona hakuna la kufanya.

Watu wakashangilia, na hapo Mardhiya akakosea. Aliinua mkono akawaambia, "Ahsanteni sana," kwa ile sauti yake.

Pembeni ya uwanja walikaa kina mama wa Chalinze, ambao ndio tungekutana nao fainali wiki iliyofuata. Nanga yao ni Evelyn, mama lishe pale stendi, anayewapikia madereva wa malori. Ni mtu wa Bukoba aliyehamia Chalinze miaka mingi, na ana mikono ya kusonga ugali wa malori kumi. Aliposikia ile "ahsanteni", aligeuka na shingo yote. Kisha akainuka akaenda moja kwa moja kwenye meza ya kamati.

Nataka kuwa mkweli, ingawa siku ile sikuwa na hamu ya ukweli. Evelyn hakulitoa jambo hewani. Mwaka uliopita Chalinze walivutwa kwenye fainali na timu ambayo siitaji, na nanga wa timu hiyo alikuwa dada mmoja aliyejifunika mtandio hadi puani, akidai ana mafua. Kesho yake walimkuta kijiweni na pikipiki yake, ndevu zote nje, amevaa raba zilezile, anajisifu. Sufuria lilirudishwa baada ya ugomvi wa miezi, likiwa limeungua chini. Kwa hiyo wanawake wa Chalinze walikuwa na kidonda. Ila kidonda chao wakakitonesha kwa mtu wetu.

Katibu wa kamati ni mwalimu Emmanueli, kijana wa bara, msafi, mwenye kufuata kanuni hata anapokunywa chai. Alichukua kipaza sauti akatangaza kwa sauti ya kutangaza msiba: "Kamati imepokea pingamizi kutoka Chalinze kuhusu jinsia ya mchezaji namba saba wa Mlingotini. Litasikilizwa Jumamosi ijayo asubuhi, kabla ya fainali."

Uwanja ukacheka. Mimi nilimtazama Mardhiya. Alikuwa ameinamisha kichwa anasoma namba kwenye fulana yake.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Watoto walimfuata njiani wakimwamkia "shikamoo babu". Muuza nyanya alimwita kaka, akacheka peke yake, akaacha kucheka nilipomfikia. Siku ya tatu tulikuwa majini tunafunga mbegu, na nikaona anafunga fundo moja, analifungua, analifunga tena.

"Basi usiende Jumamosi," nikamwambia. "Tutaweka mwingine."

"Nikikosa kwenda, watasema ni kweli."

"Wacha waseme. Wewe si umezoea?"

Akasimama, maji yakiwa kiunoni. "Najma, shikamoo baba nimeizoea. Simu haina macho. Lakini hawa waliniona." Kisha akaendelea kufunga. "Mimi nataka wanitoe walikoniweka. Kwa kipaza sauti kilekile."

Nilipata hasira ambayo sikuwa nayo hata siku walipotuibia vigingi.

Jumamosi asubuhi tukakusanyika darasani, kwenye madawati ya watoto. Mardhiya alikaa dawati la mbele, magoti yamegoma kuingia chini ya meza. Taherali alikaa kwenye kiti cha mwalimu na kamba yake miguuni, na kabla ya yote akakumbusha kwamba kamba hiyo isiburutwe kwenye sakafu ya saruji.

Emmanueli alianza na kitambulisho. Kinasema mwanamke. Evelyn akainuka, akasema yule wa pikipiki naye alikuja na kitambulisho, cha dada yake. Kamati ikakubali kwamba hiyo ni kweli.

Akaitwa Haji. Taherali, ambaye amemjua Haji tangu alipokuwa akimuuzia uzi, aliona haya hata kumtazama.

"Bwana Haji, tuwie radhi. Kamati inauliza tu. Bi Mardhiya ni mkeo?"

"Ni mke wangu."

Emmanueli akaingilia, "Na unathibitisha kuwa ni mwanamke?"

Haji aliinuka. Sijawahi kumsikia akisema jambo refu mbele za watu. "Mwalimu, nikikujibu hilo hapa, nitakuwa nimemvua nguo mke wangu darasani. Sijibu." Akakaa, mikono ikitafuta futi shingoni, na futi aliliacha nyumbani. Mardhiya alimtazama mumewe kama bado ni siku ya harusi.

Akaitwa Bi Gertruda, nesi mstaafu wa misheni, aliyewazalisha nusu ya wanawake wa ukanda huu. Akasema siri ya mgonjwa haitoi, hata waje na polisi. "Lakini andikeni hivi," akasema. "Yupo mtu mmoja humu ndani niliyemzalisha mara nne, na mtoto wa mwisho alitanguliza miguu. Sitamtaja." Alisema yote hayo akimkazia macho Mardhiya. Emmanueli akaeleza kwa masikitiko kwamba ushahidi usiotaja jina haupokelewi.

Hapo ndipo mwalimu akatoa simu yake. Akatusomea kwamba huko duniani wanariadha wa kike siku hizi wanapimwa: kijiti cha pamba kinapitishwa ndani ya shavu, mara moja tu maishani, na jambo limekwisha. Hakuna kuvuliwa nguo, hakuna maneno. Kusema haki, mimi nililiona jambo zuri. Evelyn naye aliliona zuri. Taherali aliuliza, "Kijiti tu?" Alipoambiwa ndiyo, akapiga simu dukani kwake, na baada ya muda kikaletwa kikopo kizima cha vijiti vya kusafishia masikio, bado kina bei yake.

Mardhiya akafungua kinywa. Emmanueli akapitisha kijiti ndani ya shavu, kulia na kushoto. Akakitoa. Akakitazama. Sote tukakitazama. Taherali akavaa miwani.

"Sasa?" akauliza Taherali.

"Sasa kinapelekwa maabara."

"Maabara gani?"

Emmanueli akarudi kwenye simu, akasoma, akasoma tena. Maabara ilikuwa mbali, na ya pili ilikuwa mbali zaidi. Fainali ilikuwa mchana ule ule. Kijiti kikalazwa juu ya meza kwenye karatasi, na hakuna aliyejua kama ni adabu kukitupa.

Wakati wote huo Bi Habiba alikuwa kimya dirishani. Yeye ni kungwi wetu. Wanawake wote wa Mlingotini wa umri wangu ni yeye aliyetucheza unyago, tukiwa wali, wasichana waliovunja ungo, tukafungiwa ndani na kufundishwa ya kikubwa. Emmanueli alipomwona akapata matumaini.

"Bibi, wewe ulimfunda Bi Mardhiya. Bila shaka unajua. Tueleze."

"Mwanangu, umeoa?"

"Bado, Bibi."

"Basi hata ningeruhusiwa kusema, usingeelewa." Darasa likacheka, na mwalimu akaandika kitu ambacho nadhani hakikuwa na maana. Bi Habiba akajinyoosha. "Humu ndani kila mtu anajua, na kila anayejua amefungwa mdomo, mume kwa heshima yake, nesi kwa kiapo chake, mimi kwa kazi yangu. Nyinyi wanaume mnauliza jambo ambalo si la kusikia kwenu. Tokeni. Wanawake wa Chalinze ndio waliolalamika, basi wabaki wao wamuulize mwenzao. Wakiridhika wao, nyinyi mna shida gani?"

Taherali alikubali kwa haraka ya mtu aliyetaka kutoka tangu mwanzo. Aliibeba kamba yake, akatoka. Emmanueli alitaka kujua utaratibu utakuwa upi, akashikwa mkono na Haji akatolewa. Mlango ukafungwa, khanga zikatundikwa madirishani.

Yaliyosemwa humo siyaandiki. Kama wewe ni mwanamke wa pwani unanielewa, na kama siye hayakuhusu. Nitasema tu kwamba wali hufundishwa mizungu, maneno ya mafumbo yenye majibu yake, na mwanamke aliyechezwa hujua kuyajibu hata akiamshwa usingizini. Wanawake wa Chalinze wengi ni Wakwere na Wazaramo, wamechezwa mkole, unyago wa kwao, mambo yetu na yao ni ndugu. Walimkalisha Mardhiya katikati wakaanza kumuuliza. Alijibu la kwanza na la pili. La tatu akawasahihisha wao. Kisha akawaanzishia wimbo, na aliyekuwa mkubwa wao akasahau kwamba yuko kwenye uchunguzi, akafunga khanga kiunoni akacheza. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba huko nje Taherali aliruka akauliza ni mwanamume gani ameingia ndani.

"Huyu ni mwenzetu," akasema yule mama mkubwa wa Chalinze alipopata pumzi. "Tena amefundwa kuliko baadhi yetu. Tumeridhika."

Ningeweza kunyamaza. Mardhiya alikwisha kupata alichokuja kukitafuta. Lakini mimi nilikuwa na wiki nzima ya hasira ndani, ikasimama yenyewe.

"Sisi hatujaridhika," nikasema. "Kanuni ni ya pande zote. Na nyinyi mkae katikati, mmoja mmoja."

Wakakubali, kwa nini wakatae? Wakakaa mmoja mmoja, Bi Habiba akauliza, wakajibu, tukacheka, hadi ikafika zamu ya Evelyn. Bi Habiba akatoa mzungu mwepesi kabisa, ule wa siku ya kwanza. Evelyn akanyamaza. Bi Habiba akatoa mwingine. Evelyn akatazama sakafu.

"Kwetu haya hufundishwa na shangazi," akasema polepole. "Shangazi yangu alikufa nikiwa mdogo. Niliolewa hivyohivyo."

Nilijua vizuri kabisa kwamba Evelyn ni mwanamke, hata kipofu angejua. Lakini aliyeomba uchunguzi ni yeye, na uchunguzi ulikuwa umemshinda. Bila nanga yao, Chalinze ni upepo. Nilishaanza kuliona sufuria linaingia Mlingotini juu ya gari, watoto wanalikimbilia. "Hajui," nikasema kwa sauti. "Nitaenda kuwaambia kamati."

Evelyn hakubisha. Alikuwa na sura ile ile niliyoiona siku ya kipaza sauti, Mardhiya akisoma namba yake mwenyewe kifuani.

Hapo Mardhiya akainuka. Akaenda akakaa pembeni ya Evelyn, akamwinamia sikioni, akamnong'oneza jibu. Tatizo ni kwamba Mardhiya hana mnong'ono. Sauti yake ikishuka inakuwa nzito zaidi, haiwi ndogo. Darasa zima lilisikia jibu, na nadhani hata mbuzi waliokuwa chini ya dirisha walilisikia. Bi Habiba alikohoa kwa muda mrefu, akajipiga sikio kwa kiganja.

"Masikio haya," akasema. "Uzee. Sijasikia kitu. Evelyn, nauliza tena."

Evelyn akajibu, kwa lafudhi ya Bukoba ambayo mzungu ule haujawahi kusemwa nayo tangu dunia iumbwe.

"Sahihi," akasema Bi Habiba.

Evelyn akalia. Sisi tunajua maana yake. Anayekupa mzungu wa kwanza ndiye somo wako, unamheshimu hadi kaburini, ukiwa na jambo lako la kike unamwendea yeye. Mwanamke aliyemwita Mardhiya mwanamume mbele ya uwanja mzima alikuwa sasa ni mwanafunzi wake.

Tulipokuwa tunatoka nilimvuta Mardhiya pembeni. "Umetupotezea sufuria. Mtu amekutukana, wewe unampa jibu?"

"Najma," akasema, "mimi wiki nzima nimekuwa mwanamume. Simtakii mtu."

Nikarudi kutundua khanga madirishani.

Nje mama mkubwa wa Chalinze akawatangazia kamati kwamba pingamizi limefutwa, wachezaji wote ni wanawake. Emmanueli akaomba angalau aambiwe njia iliyotumika, kwa ajili ya kumbukumbu. Wanawake wote, wao na sisi, wakamtazama kwa pamoja. Akafunga kalamu yake. Mardhiya hakuondoka pale hadi mwalimu alipochukua kipaza sauti kilekile akatangaza, neno kwa neno, kwamba mchezaji namba saba wa Mlingotini ni mwanamke na ana haki ya kuvuta. Watu wakapiga makofi, lakini makofi ya kungoja kuona. Wengi walikuwa bado wanatabasamu pembeni ya midomo.

Kisha fainali. Kamba ikalazwa, Taherali akaipangusa vumbi. Mardhiya akajifunga nyuma yetu, Evelyn akajifunga nyuma yao, na kabla ya filimbi Evelyn akaita kutoka upande wa pili, "Shikamoo somo. Naruhusiwa kukuvuta?"

"Marahaba. Vuta. Ukinilegezea nitakuja kukuchapa stendi mbele ya wateja wako."

Hakulegeza. Wallahi yule mwanamke hakulegeza. Mvuto wa kwanza tuliwachukua sisi, wa pili wakatuchukua wao, na wa tatu ulikuwa mrefu kiasi kwamba refa alikaa chini. Karibu na bomba la shule palikuwa na tope, na tope lilikuwa upande wetu. Nani aliteleza kwanza ni jambo ambalo timu ilikubaliana lisizungumzwe. Nitasema tu kwamba nilipoinua uso kutoka chini, wenzetu wote walikuwa wamelala, na Mardhiya alikuwa amebaki amesimama peke yake na kamba kiunoni, visigino vimezama, timu nzima ya Chalinze iko upande wa pili. Alikaa hivyo. Nilimwona Evelyn amefumba macho, mishipa ya shingo imesimama, anavuta kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, kama alivyoagizwa na somo wake.

Ndipo Mardhiya akaja. Akaja kifudifudi, akaburutwa kwenye tope hadi ng'ambo ya mstari, makobazi yake yamebaki nyuma yamesimama wima.

Uwanja ukalipuka. Wanaume waliokuwa wakimwita babu wiki nzima walikuwa wanapigana mabega. "Kumbe kweli ni mwanamke," akasema mmoja nyuma yangu, na mwenzake akasema, "Si unaona? Mwanamke mtupu." Wakaja kumpa pole. Yule muuza nyanya akamwita mama. Kipimo kimepatikana, nacho ni kushindwa; hakuna aliyekumbuka tena kijiti cha pamba wala darasa wala mizungu. Nilitaka kumrushia mtu tope.

Haji aliingia uwanjani mbio na khanga, akamfunika mkewe mabegani, khanga ikatosha nusu. Evelyn alimwinua kwa mkono. Sufuria lilipita mbele yetu likibebwa na Chalinze, na mama yao mkubwa akaniambia tukiwa na harusi tuje kuazima. Nikamuuliza habari za watoto.

Emmanueli naye akaja, karatasi zake kwapani, amefurahi kwa dhati kama mtu aliyepona ugonjwa.

"Bi Mardhiya, hongera kwa mchezo safi," akasema. "Na afadhali, maana sasa watu wote wameridhika. Hakuna tena mwenye shaka na wewe."

Mardhiya alijifuta tope usoni kwa ncha ya khanga. Alimtazama mwalimu, akautazama uwanja, akayaokota makobazi yake.

"Mwakani, mwalimu," akasema kwa sauti yake ileile, "inshallah mtakuwa na shaka tena."